Arifa ya data kukosekana

Arifa ya data kukosekana ni onyo la mfumo wa ufuatiliaji pale kifaa kinapoacha kuleta vipimo; ni tofauti na onyo la kipimo kuvuka kikomo. Umuhimu wake huonekana kwenye mabwawa ya topesumu (tope la mabaki ya migodi) ya ukanda wa migodi wa Geita na Shinyanga, Tanzania, ambako ukuta wa bwawa la mgodi wa Mwadui ulibomoka tarehe 7 Novemba 2022. Kwenye mabwawa kama hayo, kifaa kiitwacho pizometa hupima shinikizo la maji ndani ya ukuta. Ikikatika waya haivuki kikomo chochote, na programu inayojaza pengo kwa sifuri, au mbaya zaidi kwa kurudia kipimo cha mwisho, huificha hitilafu hiyo. Kifaa kinachotuma kila saa kinaweza kupewa saa tatu kabla ya arifa, ili mtandao ukiyumba kidogo walio zamu wasisumbuliwe bure.