Karatasi na Mkono: Uthibitisho wa Mazingira na Nafasi ya Mfanyakazi katika Ujenzi wa Butembo na Beni

Utangulizi

Neno "cheti", katika matumizi ya kawaida, ni karatasi inayoshuhudia jambo. Mtoto akizaliwa huandikiwa cheti, na mwanafunzi akifaulu hutunukiwa cheti. Tangu miaka ya 1990 hata ubao, barabara na jengo vimeanza kupewa vyeti, ili kushuhudia kwamba vilipatikana bila kuharibu mazingira kupita kiasi. Makala haya yanachunguza historia ya ushuhuda huo katika kazi za ujenzi za Butembo na Beni, katika jimbo la Kivu ya Kaskazini. Hoja inayotetewa ni kwamba karatasi ya mazingira imekuwa ikiandikwa mbali na mkono unaoangusha mti, unaochoma tofali na unaopanga jiwe. Umbali huo ndio chanzo kikubwa cha udhaifu wake, kuliko hata uchache wa sheria.

Mji na vifaa vyake

Butembo ulianza kukua katika miaka ya 1920 pamoja na shughuli za kampuni ya madini ya Minière des Grands Lacs. Katika enzi hiyo karatasi iliyotawala maisha ya mfanyakazi ilimhusu yeye mwenyewe. Mwanamume wa Kongo ya Kibelgiji alitakiwa kuwa na kitabu cha utambulisho, na hakuruhusiwa kuihama wilaya yake bila hati ya ruhusa. Dola ilitaka kujua mtu alikotoka na alikokwenda. Haikujali sana kujua mti ulitoka wapi.

Baada ya uhuru, na hasa dola ya Zaire ilipodhoofika, mji ulijengwa kwa kiasi kikubwa na wenyeji wake. Wafanyabiashara Wanande walichangia matengenezo ya barabara zilizobeba bidhaa zao. Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilianzishwa mjini humo mwaka 1989, katika kipindi ambacho msaada wa serikali ulikuwa haba. Beni na Butembo zilipopewa hadhi kamili ya miji mwaka 2003, zilikuwa tayari zimejengeka kwa namna hiyo.

Yafaa itazamwe miji hiyo imejengwa kwa nini. Nyanda za juu za Butembo na Lubero zimepoteza sehemu kubwa ya misitu yake ya asili, na mahali pake pamepandwa mikaratusi. Miti hiyo hutoa nguzo na fito, na hutoa pia kuni za kuchomea matofali. Mbao ngumu, kama vile mvule na libuyu, huletwa kutoka misitu ya bonde, upande wa Beni na Mambasa. Kwa hiyo nyumba moja ya Butembo hukusanya kazi ya watu wengi: mpasua mbao wa msituni, mchoma matofali wa bondeni, dereva, seremala, fundi mwashi na vibarua wake. Wengi wao hulipwa kwa kazi au kwa siku, bila mkataba ulioandikwa. Hata hivyo ni wao wanaojua mti ulikatwa ng'ambo ya mto gani, na tanuri lilikula kuni kiasi gani.

Mbao za vita na cheti cha ng'ambo

Mwaka 1993 liliundwa Baraza la Usimamizi wa Misitu, linalojulikana kwa kifupi cha FSC. Mwaka 1996 kikatolewa kiwango cha ISO 14001 kuhusu usimamizi wa mazingira katika makampuni. Mifumo yote miwili ilimkumbuka mfanyakazi. Kanuni za FSC zilitaja haki zake, na ISO 14001 ilidai afunzwe na aelewe athari za kazi yake. Lakini gharama na taratibu zake zililingana na kampuni kubwa, na msukumo wake ulitoka kwa mnunuzi wa nchi za mbali. Mpasua mbao wa Beni, ambaye soko lake lilikuwa Butembo, Kampala au Nairobi, hakuulizwa cheti na mtu yeyote.

Kisa kilichoukutanisha uthibitisho huo na misitu ya Beni kilitokea wakati wa vita. Katika ripoti yake ya Aprili 2001, jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa lilieleza habari za DARA-Forest, kampuni ya Uganda na Thailand. Kwa mujibu wa ripoti hiyo, kampuni iliomba kibali cha msitu Kinshasa mwaka 1998 ikanyimwa. Mwaka 1999 ikaanza kununua mbao zilizokatwa na watu binafsi, na mwaka 2000 ikapewa eneo na uongozi wa waasi wa RCD-ML. Ripoti ilikitaja kiwanda cha kupasulia mbao huko Mangina, magharibi ya Beni. Ilidai pia kwamba kulikuwa na mpango wa kuzipatia mbao za Kongo cheti cha mazingira kwa kupitia Uganda. Serikali ya Uganda iliipinga ripoti hiyo na kuunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji David Porter. Kwa sababu hiyo madai hayo hayana budi kusomwa kama madai.

Hata yakisomwa hivyo, yanafundisha jambo. Mabishano yote yalihusu nani alikuwa na mamlaka ya kutoa kibali, na mbao zilipita mpaka gani. Watu binafsi waliozikata, ambao ripoti yenyewe iliwataja kama chanzo cha mbao hizo, hawakuwa upande wowote katika mabishano hayo.

Sheria za dola

Mwaka 2002 Kongo ilipata sheria mbili zilizotofautiana kwa muda usiofika miezi miwili: Sheria ya Misitu ya tarehe 29 Agosti na Sheria ya Kazi ya tarehe 16 Oktoba. Ya kwanza ilifungua njia ya kumtambua mkataji mdogo, na kanuni za mwaka 2006 zikamwekea kibali cha eneo lisilozidi hekta 50. Ya pili iliweka wajumbe wa wafanyakazi na kamati za usalama na afya kazini. Sheria hizo hazikuunganishwa. Mjumbe wa wafanyakazi hakupewa sauti juu ya msitu, na mwenye kibali cha msitu, akiwa na vibarua wachache wa msimu, hakuwa na mjumbe wa kuchaguliwa.

Sheria ya mazingira ya tarehe 9 Julai 2011 ilikwenda mbele zaidi. Ilitaka miradi mikubwa ichunguzwe athari zake kabla ya kuanza, na wananchi wasikilizwe. Mwaka 2014 uliundwa Wakala wa Mazingira wa Kongo, ambao ndio hupitia uchunguzi huo ili cheti kitolewe. Barabara zikawa uwanja mkuu wa majaribio. Mradi wa Pro-Routes, uliogharimiwa na Benki ya Dunia na wafadhili wengine tangu mwaka 2008, ulihusisha barabara ya Kisangani hadi Beni, na ulikuwa na chombo maalumu cha kusimamia mazingira na jamii. Hata hivyo, Novemba 2017 Benki ilisimamisha malipo ya kazi za barabara ya Bukavu na Goma chini ya mradi huohuo, baada ya malalamiko kuhusu ukatili wa kijinsia na hali za wafanyakazi. Nyaraka za ulinzi zilikuwapo. Ubaya haukugunduliwa kwa nyaraka hizo, bali kwa watu waliothubutu kulalamika.

Lugha ya cheti

Yapo maelezo ya kiusalama ya hali hii, na hayawezi kupuuzwa. Mauaji yaliyoikumba wilaya ya Beni tangu Oktoba 2014 yamefanya msitu kuwa mahali pa hatari kwa mkaguzi na kwa mkataji pia. Lakini kuna sababu nyingine inayowahusu moja kwa moja wanataaluma wa Kiswahili. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, na Kifaransa kuwa lugha rasmi. Sheria, uchunguzi wa athari na cheti huandikwa kwa Kifaransa. Masharti ya FSC na ISO hutungwa zaidi kwa Kiingereza. Kazini Butembo huzungumzwa Kinande na Kiswahili cha Kivu.

Gharama ya pengo kama hilo ilionekana katika janga la Ebola lililotangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018. Ujumbe wa Kifaransa, au wa Kiswahili kisichozoeleka mahali hapo, haukueleweka vyema na wengi, na kutoelewa kukalisha shaka. Masharti ya mazingira yana hatari hiyohiyo. Kibarua asiyeelewa kwa nini anakatazwa kumwaga mafuta machafu mtoni huliona katazo hilo kuwa ukali wa bwana mkubwa. Tena, yeye aliyeona yakimwagwa hana pa kulisema jambo hilo kwa maneno yake.

Hitimisho

Historia iliyoelezwa inaonyesha mwendo wa karatasi kutoka kwa mtu kwenda kwa kitu: ukoloni ulimwandikia mfanyakazi asili yake, na zama hizi zinauandikia ubao asili yake. Katika hali zote mbili mfanyakazi hakuulizwa. Tarehe 16 Juni 2021, marais wa Kongo na Uganda walizindua huko Mpondwe mpango wa kujenga barabara za jumla ya kilomita 223, zikiwamo za Kasindi hadi Beni na Beni hadi Butembo. Kazi za aina hiyo huhitaji changarawe, mbao na mikono mingi, na hivyo hulirudisha swali hili kila mara.

Hatua tatu zaweza kuchukuliwa bila kungoja sheria mpya. Kwanza, masharti ya mazingira ya kila mradi yasomwe na kujadiliwa kazini kwa Kiswahili cha mahali hapo na kwa Kinande. Pili, wajumbe wa wafanyakazi, ambao Sheria ya Kazi inawatambua, watoe maoni yao kabla cheti hakijatolewa, na maoni hayo yaambatanishwe. Tatu, ushahidi wa mpasua mbao na mchoma matofali kuhusu asili ya vifaa uandikwe kama sehemu ya uchunguzi. Vyuo vikuu vya Butembo na Beni vina wanafunzi wanaozijua lugha hizo tangu utotoni. Kutunga istilahi za kazi hiyo pamoja na mafundi wenyewe ni jukumu linalofaa idara za Kiswahili.