Pareto ya Senti 65

Tarehe 12 Desemba 1963, siku ya uhuru, Kenya ilitoa stempu 14 za matumizi ya kawaida. Ya senti 30 ilibeba sura ya Jomo Kenyatta na Mlima Kenya, ya senti 50 bendera, ya shilingi 10 bandari ya Mombasa. Miongoni mwazo zilikuwamo tatu ambazo mkulima wa milima ya Gusii, magharibi mwa Kenya, angezitambua hata kama hajui kusoma: pareto kwa senti 65, kahawa kwa shilingi 2 na chai kwa shilingi 5. Jina la Kisii au Nyamira, sehemu za Wagusii, halikuwamo. Hata hivyo, anayetafuta historia ya eneo hili kwenye stempu ataipata zaidi katika hizi za barua za kila siku kuliko katika zile za kumbukumbu, zinazotolewa kwa shangwe na kuishia kwenye albamu.

Chukua kahawa. Kwa miaka mingi walowezi walipinga Mwafrika kuilima. Walidai mashamba yake yangeeneza magonjwa ya mimea, lakini walijua pia kwamba mwenye mibuni yake haendi kuchuma ya mwingine kwa ujira mdogo. Marufuku ilipoanza kulegezwa miaka ya 1930, Kisii ilikuwa miongoni mwa wilaya za majaribio, pamoja na Embu na Meru. Pareto nayo hustawi penye baridi ya nyanda za juu. Ua lake jeupe lenye kitovu cha njano huchumwa kwa mkono, moja moja, huanikwa mpaka likauke kabisa, ndipo lipelekwe kiwandani kukamuliwa dawa ya kuua wadudu. Halidai trekta; linadai vidole vingi, na vidole hivyo ni vya familia nzima.

Mtu atapinga kwamba mwaka 1963 pareto na chai zilikuwa bado zinahusishwa na mashamba makubwa ya walowezi na makampuni ya Kericho, kwa hiyo Wagusii hawana haki ya kudai picha hizo. Ni kweli kwa kiasi. Lakini stempu hazikutaja shamba la nani, na ukimya huo ukawafaa wakulima wadogo. Mamlaka ya Maendeleo ya Chai (KTDA) iliundwa mwaka 1964 kuhudumia chai yao, na pareto ikazidi kuhamia mikononi mwao, Kisii ikiwa kati ya maeneo makuu. Picha ilibaki ileile. Mwenye mali ndiye aliyebadilika.

Stempu za kumbukumbu hazikuwa na bahati hiyo. Oktoba 1968, posta ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanzania ilitoa stempu za Olimpiki ya Mexico. Zilionyesha uwanja, majukwaa ya kupigia mbizi, njia za mbio na ulingo wa ndondi. Tarehe 13 mwezi huohuo Naftali Temu, mwanajeshi kutoka eneo ambalo leo ni Nyamira, alimpita Mamo Wolde wa Ethiopia katika mzunguko wa mwisho wa mita 10,000 na kuipa Kenya dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki. Bila shaka mchoraji hangeweza kumjua mshindi kabla ya mbio. Ila hilo ndilo tatizo la stempu ya aina hii: hubashiri. Ile ya mwaka 1976 iliweka sura ya bondia Stephen Muchoki kwa ajili ya Montreal, na Kenya ikasusia michezo. Zao halibashiriwi hivyo, limekwishavunwa.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: stempu ni ndogo, jamii ni nyingi, na wakusanyaji wa ng'ambo hununua simba na ndovu, kama walivyopewa katika mfululizo wa mwaka 1966. Nakubali. Lakini mwaka 1977 Kenya ilipotoa mfululizo wa madini, jiwe la sabuni la Tabaka, huko Gusii, halikuchaguliwa. Haitoshi kusema si kito, maana jasi na magadi si vito pia, na vyote viwili viliingia. Jiwe hilo limeipeleka sanaa ya mchongaji Elkana Ong'esa hadi makao makuu ya UNESCO mjini Paris. Uteuzi, basi, haukuangalia ukubwa wa karatasi tu. Uliangalia pia kazi ipi inahesabiwa kuwa mali ya taifa.

Hata hivyo, jina la mahali halikukosekana kabisa. Barua iliyotumwa kutoka Kisii ilipigwa muhuri wa duara wenye jina la mji na tarehe. Wachoraji wa stempu hawakuliandika jina hilo. Karani wa posta alilipiga juu ya ua la pareto, kwa wino mweusi.