Mvukajinsia

Mvukajinsia ni mtu ambaye jinsia anayoijua nafsini mwake si ile aliyoandikiwa alipozaliwa. Neno limeundwa kwa kitenzi vuka na nomino jinsia, kwa kanuni ileile iliyozaa mfanyakazi na mpigakura: kitenzi kikibeba yambwa yake ndani ya neno, hubaki na irabu -a.

Magazeti na redio hupendelea "mtu aliyebadili jinsia". Hapo kiambishi -li- hulifunga jambo katika wakati uliopita, kana kwamba mwanafunzi wa kidato cha tatu huko Nangara, Babati, hastahili jina lolote mpaka apite chumba cha upasuaji. Badili nayo hutokana na shina la Kiarabu b-d-l, lililotupa pia badala na mbadala. Maana yake ni kutoa hiki na kupokea kile, kama mteja anayerudisha shati dukani. Kijana anayehusika hakurudisha kitu. Kamati za istilahi, zenye vikao na posho, zimeiacha tafsiri hii izoeleke, na pengine zitakuja kuitetea kwa sababu hiyohiyo kwamba imezoeleka. Kipande mvuka- hakibebi wakati: hutaja aliyevuka, anayevuka na ambaye bado yuko ukingoni.

Maneno ya zamani hayafai. Hanithi na huntha yana shina moja la Kiarabu, kh-n-th, lenye maana ya ulaini na kupinda. Hanithi limekuwa tusi, au jina la mwanamume asiye na nguvu za kiume. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ya jinsia mbili, ambalo ni jambo jingine kabisa. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu hao, ikawapata 1,524, na anayewachanganya na wavukajinsia huwakosea wote. Shoga, ambalo wanawake wa Zanzibar wameitana kwa mapenzi tangu zamani, limegeuzwa kuwa jiwe la kumrushia yeyote anayetembea tofauti.

Neno jinsia lina safari ndefu zaidi. Asili yake ni genos la Kigiriki, yaani ukoo au aina; Waarabu wakapata jins, nasi tukapata jinsi na jinsia. Katika Kiarabu cha leo jinsiya ni uraia, hivyo Mswahili wa Maskati anayeulizwa jinsia yake kwenye fomu ya Kiarabu anatakiwa kutaja nchi. Istilahi ya Kiingereza inayotafsiriwa hapa, transgender, si kongwe hata kidogo: daktari John Oliven wa Marekani alitumia umbo lake mojawapo katika kitabu cha 1965, nayo ikaenea hasa miaka ya 1990. Wanaodai kwamba Kiswahili kimechelewa mno kupata neno lake hawajatazama kalenda.

Pingamizi moja lastahili jibu. Husemwa kwamba kuvuka kuna harufu ya kosa, kwa kuwa mkaidi naye "amevuka mpaka". Lakini kosa hapo limo katika mpaka, wala halimo katika kitenzi. Kivuko cha Kigamboni huvusha maelfu bila kumshtaki mtu, na aliyeponea hatarini husemwa amevuka salama. Atakayependekeza "jinsia mtambuka" akumbuke kwamba ofisi za halmashauri nchini tayari zina "masuala mtambuka", na jinsia ni mojawapo. Kijana hawezi kuwa kipengele cha taarifa ya robo mwaka.

Kuhusu kustahimili ubaguzi, Kiswahili kina unafuu ambao waundaji wa istilahi hawautaji. Yeye na kiambishi a- havitofautishi mwanamke na mwanamume. Nangara, ambako Kiswahili hukaa pamoja na Kigorowa na Kiiraqw, tofauti husikika wazi, kwa kuwa katika lugha hizo mbili za Kikushi kitenzi chenyewe huonyesha kama mtendaji ni wa kike au wa kiume. Mwanangu, mdogo wangu, mjukuu, mwenzetu na ndugu hayana jinsia. Maumivu huanzia kwenye maneno kaka na dada, kwenye sare ya shule, na kwenye jina. Mwalimu akisema "mdogo wangu" hamjeruhi mtu, na majina kama Tumaini, Imani na Amani hupewa wavulana na wasichana vilevile. Kijana asiye salama kujitaja hadharani halazimiki kujitaja. Mtu mzima mmoja anayetunza siri humsaidia kuliko umati unaomhoji.

Dhana kwamba uvukajinsia ni ugonjwa wa akili nayo imepitwa na wakati. Shirika la Afya Duniani liliiondoa hali hii katika sura ya maradhi ya akili kwa orodha iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Huko Nairobi, mwaka 2014, Mahakama Kuu iliamuru baraza la mitihani limpe Audrey Mbugua, mvukajinsia, cheti cha sekondari chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Taarifa nyingi za Kiswahili zinazomhusu mtu wa namna hiyo bado huandika "aliyebadili".

Matumizi: ngeli ya a-wa, wingi ni wavukajinsia, hali ni uvukajinsia. Huandikwa neno moja, bila kistari.