Mitandao ya Neva na Lugha za Mpakani: Busia na Malaba

Mwaka 1902 Waingereza waliliondoa Jimbo la Mashariki la Uganda na kulitia katika himaya yao ya Afrika Mashariki. Mpaka uliotokana na uamuzi huo haukufuata lugha: hadi leo Kiteso na Kisamia husemwa pande zote mbili za Busia na Malaba.

Mgawanyiko huo umejitokeza upya katika mitandao ya neva, yaani mitambo ya hesabu inayojifunza kwa mifano. Wazo lake lilitolewa na McCulloch na Pitts mwaka 1943. Matumizi yake katika tafsiri yalienea baada ya kampuni ya Google kuyaingiza katika huduma yake mwaka 2016. Mtandao wa namna hii haufundishwi sarufi. Hupewa sentensi nyingi za lugha mbili zilizopangwa sambamba, nao hujirekebisha kila unapokosea. Kwa hiyo ujuzi wake hutegemea sana mifano uliyopewa.

Mifano hiyo imekusanywa kwa kufuata mipaka ya dola. Nchini Uganda, watafiti wa Makerere na shirika la Sunbird AI walitoa mwaka 2022 sentensi 25,000 katika lugha tano, Kiteso kikiwamo, zikiwa sambamba na Kiingereza. Nchini Kenya, mradi wa Kencorpus ulikusanya Kiswahili, Kijaluo na lahaja tatu za Kiluhya, mojawapo Kimarachi cha Busia, ukatoa sentensi 13,400 zilizotafsiriwa kwa Kiswahili kutoka Kijaluo na Kiluhya. Kiteso hakikuwamo. Mwaka huohuo wa 2022 kampuni ya Meta ilitoa mtandao wa lugha 200: Kiswahili, Kiganda na Kijaluo zilikuwamo, Kiteso na Kiluhya hazikuwamo.

Basi Mteso wa Malaba, ambaye sokoni huvuka kutoka Kiteso hadi Kiswahili bila taabu, akitegemea mifano hiyo hana budi kupitia Kiingereza. Njia hiyo ina hasara. Kiteso na Kiswahili hutenga anayeambiwa mmoja na wanaoambiwa wengi. Kiingereza cha leo hutumia neno moja kwa wote. Maana iliyokuwa wazi mwanzoni hupotea katikati, na mtambo hubaki kubahatisha.

Upungufu huu hautaondolewa na wahandisi peke yao. Sentensi za Kiteso na Kiswahili zapasa kukusanywa Malaba kwenyewe, kutoka kwa wasemaji wa pande zote mbili, na kuhakikiwa na wanaisimu. Bila hivyo, mpaka wa 1902 utazidi kuimarishwa na mitambo isiyoujua.