Mstari Kama Mpaka: Historia ya Ubadilishaji wa Matini ya Mistari Mingi kwa Zana za Unix, 1969–2017

Mwaka 2005 shirika la Free Software Foundation lilihama kutoka 59 Temple Place, Boston, na kuingia 51 Franklin Street katika jiji hilohilo. Anwani ya zamani ilikuwa imenakiliwa katika tangazo la leseni ya GNU, ambalo waandishi wa programu waliliweka mwanzoni mwa faili zao. Kubadilisha anwani huonekana kuwa kazi ndogo. Hata hivyo, tangazo hilo lilienea katika mistari kadhaa, na mistari hiyo haikukatwa mahali pamoja katika kila faili. Pengine mtaa na jiji vilikaa katika mstari mmoja. Pengine vilitenganishwa, na katikati yake pakawa na kinyota au alama ya # inayotangulia maelezo katika lugha ya programu husika. Kwa hali hiyo, zana zilizozoeleka za kutafuta na kubadilisha maneno hazikuliona tangazo kuwa kitu kimoja. Insha hii inachunguza chanzo cha upofu huo. Hoja yake ni kwamba mstari, uliofanywa kipimo cha kazi kutokana na hali ya mashine za wakati wake, uligeuka kuwa mpaka kwa zana zilizorithi kipimo hicho.

Chanzo chenyewe ni kihariri cha ed, kilichoandikwa na Ken Thompson mwaka 1969 katika maabara za Bell, New Jersey. Kihariri hicho kilifuata nyayo za QED, ambacho Thompson alikwisha kukiongezea lugha ya ruwaza, na mbinu yake ya kutafuta ruwaza aliieleza katika makala ya mwaka 1968. Watumiaji wa enzi hiyo waliwasiliana na kompyuta kupitia mashine kama Teletype Model 33, iliyochapa herufi 10 kwa sekunde juu ya karatasi. Ukurasa wa herufi 3,000 ulihitaji dakika 5. Ilikuwa nafuu zaidi kuuita mstari mmoja, kuurekebisha na kuendelea. Kwa hiyo ruwaza katika ed haivuki mwisho wa mstari. Uamuzi huo haukuwa kasoro, bali jibu mwafaka kwa mazingira yake.

Zana zilizofuata ziliurithi uamuzi huo. Jina la grep, programu ya mwaka 1973, linatokana na amri ya ed iliyoandikwa g/re/p, yaani kutafuta ruwaza katika faili nzima na kuchapa kila mstari unaoafiki. Muda mfupi baadaye Lee McMahon aliandika sed, ambayo husoma mstari, huutendea amri, huuchapa, kisha husoma mwingine. Utaratibu huo uliiwezesha kupitia faili kubwa kuliko kumbukumbu ya kompyuta. Aidha, sed ina nafasi mbili za kuhifadhi matini, moja ya kazi na nyingine ya akiba, pamoja na amri N inayoambatisha mstari unaofuata. Kwa njia hiyo mistari mingi huweza kushughulikiwa pamoja, lakini jukumu la kuikusanya humwangukia mtumiaji. Akikosea, haonywi: ruwaza isipopatikana, sed huchapa matini ileile na kumaliza kama kwamba kazi imefanikiwa.

Jibu la kwanza kwa tatizo hili lilikuwa kubadilisha maana ya kipimo. Katika awk, iliyoandikwa na Aho, Weinberger na Kernighan mwaka 1977, kigeu RS huamua rekodi inaishia wapi; kikiachwa kitupu, aya nzima huwa rekodi moja. Jibu la pili lilikuwa kuondoa kipimo. Perl ya Larry Wall, iliyotolewa mwaka 1987, ilikuja kuwa na swichi ya -0777, inayosoma faili nzima kwa mara moja. Hapo hatari iligeuka. Ruwaza yenye .* inayoruhusiwa kuvuka mistari huanzia alama ya kwanza ya mwanzo na kukomea alama ya mwisho katika faili, ikifuta vyote vilivyo katikati. Perl 5 ya mwaka 1994 ilileta ruwaza zinazotosheka na kipande kifupi. Katika mwaka huohuo wa 1987 Rob Pike alikwenda mbali zaidi: alipendekeza ruwaza zenyewe zieleze muundo wa matini, bila mstari kupewa hadhi ya pekee. Kihariri chake cha sam kilitekeleza wazo hilo, lakini grep na sed ziliendelea kutawala. GNU sed ilipata swichi ya -z, inayotenganisha rekodi kwa herufi batili badala ya mwisho wa mstari, mwaka 2012.

Njia ya tatu ilitoka kwa patch, programu nyingine ya Wall, ya mwaka 1985. Hiyo hukitambua kipande kwa mistari yake pamoja na mistari inayokizunguka, na isipokipata hukataa na kutoa taarifa. Ubora wake umo katika kukataa huko, kwa kuwa kosa linalotangazwa hurekebishwa mapema kuliko kosa lililonyamaziwa. Udhaifu wake ni kwamba kila namna ya ukataji wa mistari huhitaji kiraka chake.

Mwisho wa kisa cha tangazo la leseni unatoa funzo. Toleo la 3 la leseni ya GNU, la mwaka 2007, liliacha anwani ya posta katika tangazo lake na kumwelekeza msomaji kwenye intaneti. Mwaka 2017 wasimamizi wa Linux walianza kuweka katika maelfu ya faili kitambulisho cha SPDX, ambacho hutaja leseni kwa mstari mmoja tu. Zana zilikuwa zimekwisha kupata uwezo wa kuvuka mstari. Hata hivyo, waandishi waliona ni salama zaidi kuifupisha matini hadi iingie ndani ya mpaka uleule wa mwaka 1969. Kwa hiyo historia hii haielezi tu jinsi zana zilivyobadilika ili ziisome matini, bali pia jinsi matini ilivyobadilishwa ili isomeke kwa zana.