Okestra Yetu Ilikuwa Benga, na Tunaizika kwa Kinanda Kimoja

Wadau, ukitaja neno okestra hapa Katito, wengi wanawaza wazungu wenye suti nyeusi, fidla kibao na mtu mmoja mbele anapunga kijiti. Sawa, hiyo ni okestra. Lakini Nyanza tumekuwa na zetu kitambo, na nyingine zilijiita hivyo bila kuomba ruhusa: bendi ya marehemu Musa Juma ilikuwa Orchestra Limpopo International. Leo nasema jambo moja tu. Bendi hizi hazikuwa za kutuchezesha peke yake. Zilikuwa daftari la jamii, mahali majina yetu yaliandikwa. Na daftari hilo linachanika tukiangalia.

Tuanze nyuma kidogo. Kabla ya gitaa kulikuwa na nyatiti, nyuzi 8. Mpigaji anaketi kwenye kigoda, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole kikubwa cha mguu, na kwa pete hiyo anagonga ukingo wa chombo. Vidole vinacheza na nyuzi, mguu unapiga ngoma, mdomo unaimba. Mtu mmoja, okestra nzima! Na akiitwa matangani hakuitwa kupiga kelele watu wasisinzie. Alimsifu marehemu, akataja baba zake, akataja mama yake alitoka wapi. Aliyekuja matanga bila kujua ukoo wa marehemu aliondoka anaujua.

Halafu vikaja Vita vya Pili vya Dunia. Wanaume wetu waliopelekwa vitani walirudi, na baadhi yao walirudi na magitaa. Vijana wakayashika, lakini mkono ulishazoea mdundo wa nyumbani. Sikiliza solo ya benga vizuri: nyuzi zinachomolewa moja moja kwa kasi, kama nyatiti. Mwimbaji akinyamaza, gitaa linamjibu. Besi nayo haijifichi nyuma, inatembea mbele kama mguu wa yule mzee wa kigoda. Ni okestra ileile, imegawiwa watu wengi na kuunganishwa kwa umeme.

Kufikia miaka ya 1970 moto ulikuwa umewaka. Mwaka 1972 Ochieng Nelly na Collela Mazee walianzisha Victoria Jazz. D.O. Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania, alikuwa tayari na Shirati Jazz. Msitafute jazz ya Marekani humo. Enzi hizo jazz ilimaanisha bendi, basi. Produsa Phares Oluoch Kanindo alisambaza santuri hizi mpaka kusini mwa Afrika, na Zimbabwe wakauita muziki wenyewe kanindo. Yaani watu wasiojua neno moja la Dholuo walikuwa wanacheza nyimbo zinazotaja watu wa vijiji vya ziwani.

Hapo kwenye kutaja ndipo ninapotaka mtulie. Wimbo wa benga mara nyingi hauimbi mapenzi hewani tu. Unaimba mtu. Ana jina, ana kwao: nyar fulani, wuod fulani, ja-fulani. Okatch Biggy wa Heka Heka, aliyefariki 1997, alikuwa fundi wa hili. Ana wimbo unaoitwa Nyathi Nyakach, yaani mtoto wa Nyakach. Nyakach ni hapa, wasee! Hapa Katito, pale barabara ya Kendu Bay inapoachana na ya Sondu. Niambie ni kitabu gani cha historia ulichosomeshwa shuleni kilichotaja Nyakach hata kwa bahati mbaya.

Halafu kuna pakruok. Unatoa pesa, bendi inashusha sauti, unajisifu: wewe ni nani, rafiki yako ni nani, kwenu kuna nini. Mwimbaji anarudia, watu wanacheka, muziki unapanda tena. Mgeni akiona anadhani ni majivuno ya walevi. Mimi naona mambo mawili. Kwanza, ndiyo njia ya jamii kulipa okestra yake bila kungoja wizara. Pili, mtu ambaye hatawahi kuandikwa gazetini anatangazwa mbele ya watu kwamba yupo.

Najua kuna atakayesema daftari hilo lilikuwa la wenye hela. Ni kweli, mwenye mfuko mzito alitajwa zaidi. Na wanawake waliimbwa kila siku, lakini wachache walishika maikrofoni. Ila bendi hazikuwa za kusifu matajiri tu. Misiani alikamatwa zaidi ya mara moja kwa sababu ya mafumbo yake kuhusu wakubwa. Princess Jully aliichukua Jolly Boys Band baada ya mumewe kufariki 1997, akaimba Dunia Mbaya kuonya watu kuhusu ukimwi, wakati ambapo nyumba nyingi hazikuthubutu kutamka jina la ugonjwa wenyewe.

Sasa tazama matanga ya leo. Kijana mmoja, kinanda kimoja, spika mbili kubwa. Simlaumu, anatafuta riziki, na familia haiwezi kulisha watu kumi wa bendi usiku mzima. Lakini ngoma, besi na solo vyote vimo ndani ya kitufe. Wale watu kumi walikuwa wanafundishana: mdogo anabeba vyombo, kisha anagusa gitaa la kati, kisha siku moja anapewa solo. Kitufe hakifundishi mtu. Bendi ikikosa kazi, shule imefungwa, na hakuna anayetangaza.

Na sisi wa kutengeneza maudhui tuna deni. Tunakata sekunde 30 za benga, tunaweka chini ya video, hatuandiki hata jina la aliyepiga. Sheria ya Kenya inampa mtunzi haki hadi miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Misiani alifariki 2006 kwenye ajali ya barabarani Kisumu. Hesabu mwenyewe: tungo zake bado zina wenyewe mpaka mwisho wa 2056.

Sisemi turudishe 1972. Nasema mambo mawili yasiyohitaji bajeti. Ukitumia wimbo, andika jina la bendi na la mwimbaji. Na ukisikia mtu wa kwenu akitajwa kwenye santuri ya zamani, mpelekee mzee simu, mchezee wimbo, muulize huyu alikuwa nani, kisha mrekodi akijibu. Tabu Osusa na wenzake wa Ketebul Music walishaanza kazi ya namna hii Nairobi, wakatoa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008. Lakini Nairobi hawawezi kujua boma la kila nyar Nyakach liko nyuma ya mti gani. Hiyo ni kazi yetu tunaoishi hapa, na wazee wenye majibu hawaongezeki.