Kusoma kwa Lugha Isiyosikika: Wanafunzi wa Gisenyi na Kiingereza cha Vitabuni

Mji wa Gisenyi, ambao tangu mageuzi ya utawala ya mwaka 2006 umo katika wilaya ya Rubavu, umekaa ukingoni mwa ziwa Kivu mahali ambapo nyumba za Rwanda na nyumba za Goma zimesogeleana hata mgeni asijue mji mmoja unakomea wapi na wa pili unaanzia wapi, isipokuwa kwa vizuizi vya forodha. Na mpaka wenyewe, uliokubaliwa na madola ya Ulaya mwaka 1910, haukuwahi kuwa mpaka wa lugha. Mtoto aliyelelewa katika mtaa wa Majengo, au ambaye mama yake huvuka kila alfajiri kwa kivuko cha mpaka cha Petite Barrière akiwa na mboga na maziwa ya kuuza upande wa pili, hufika umri wa shule akiwa na Kinyarwanda cha nyumbani na Kiswahili cha sokoni, na pengine maneno kadha wa kadha ya Kifaransa aliyoyaokota kwa wakubwa wake. Kiswahili hicho hakufundishwa na mtu kwa ubao na chaki. Alikipata kwa haja ya kukitumia. Kisha mtoto huyu mwenye lugha mbili huingia darasani, na tangu siku ile huhesabiwa miongoni mwa wasiojua lugha.

Kusudi la makala hii ni kuitazama hali hiyo kwa upande wa kusoma hasa, kwa kuwa mintarafu ya kusema Kiingereza yamekwisha andikwa mengi. Hoja yangu ni kwamba taabu ya mwanafunzi wa Gisenyi haitokani na ugumu wa Kiingereza, wala na uvivu anaosingiziwa, bali na utaratibu unaomtaka apate maarifa kwa kusoma lugha ambayo bado hajaisikia ikiishi midomoni mwa watu, na wakati huohuo unamnyima ruhusa ya kuifikia lugha hiyo kwa kupitia zile azijuazo.

Yafaa historia itangulie, maana watu huizungumzia lugha ya shule kana kwamba haikuwahi kuwa nyingine. Mageuzi ya mwaka 1979 yaliifanya shule ya msingi ya Rwanda kuwa ya miaka minane na kuifundisha kwa Kinyarwanda. Mwaka 1991 yakatenguliwa, miaka ikarudi sita na Kifaransa kikarejeshewa cheo chake. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 dhidi ya Watutsi, walipokuwa wakirejea nchini watu waliokulia Uganda, Kongo, Burundi na Tanzania, kila kundi na lisani yake, sera ya 1996 iliweka Kinyarwanda katika madarasa matatu ya mwanzo, kisha ikatoa hiari ya Kifaransa au Kiingereza. Oktoba 2008, nchi ikiwa imekwisha ingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki na ikibisha hodi katika Jumuiya ya Madola, Baraza la Mawaziri liliamua Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishiwa madarasa matatu ya mwanzo, na mwishoni mwa 2019 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba Kiingereza kianze tena darasa la kwanza. Sina nia ya kuhukumu kila uamuzi katika haya, na baadhi yake ulikuwa na sababu zilizo dhahiri. Nataja tu natija moja isiyosemwa sana: nyumba moja ya Gisenyi yaweza kuwa na kaka aliyesoma sayansi kwa Kinyarwanda, mdogo wake aliyeisoma kwa Kifaransa, na mpwa wao anayeisoma leo kwa Kiingereza, na jioni watatu hao wakakaa mbele ya daftari moja la kazi ya nyumbani pasiwe na wa kumsaidia mwenziwe, ilhali kila mmoja anaijua sayansi yenyewe.

Mwalimu naye ni mtu wa nyumba hiyohiyo. Aliyesomea ualimu kwa Kifaransa aliambiwa mwishoni mwa 2008 kwamba mwaka unaofuata atafundisha kwa Kiingereza, akapewa mafunzo ya wakati wa likizo, akarudi darasani na maarifa yake yote yakiwa yamefungiwa katika lugha iliyokatazwa. Njia aliyoishika kujinusuru inajulikana na yeyote aliyewahi kuketi nyuma ya darasa katika nchi zetu. Mwalimu huanza neno na kuiacha silabi ya mwisho ining'inie, darasa zima likaimalizia kwa sauti moja, huandika ubaoni maana ya istilahi, wanafunzi wakainakili herufi kwa herufi, kisha huuliza kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya chini kama mtu avunjaye sharia, "Birumvikana?" (Inaeleweka?), na darasa likaitika "Yego!" (Ndiyo!) hata kabla swali halijatua. Katika kitendo hiki hapana mjinga hata mmoja. Mwalimu na wanafunzi wamepatana, bila ya kusemezana, kuhifadhi heshima ya wote kwa kuitikiana maneno, na kufahamu kukaahirishwa mpaka wakati mwingine ambao ratiba haikuutaja.

Jambo la kusoma ndilo lenye kudanganya zaidi. Kinyarwanda huandikwa kama kinavyosikika, ukitoa toni na urefu wa irabu ambavyo hati ya kawaida haivionyeshi, na Kiswahili ni vivyo hivyo. Kwa hiyo mtoto aliyejua herufi zake katika lugha hizo hulitamka neno na papo hapo akalitambua, maana alikuwa nalo masikioni tangu utotoni. Akikabidhiwa kitabu cha Kiingereza huchukua ujuzi huo huo na kuyatamka maneno kwa kanuni za nyumbani, akatoa ukurasa mzima kwa sauti thabiti, na mkaguzi aliyesimama mlangoni akaandika kuwa anasoma. Katika vyuo vya Kurani, vya Majengo kama vya Mombasa na Unguja, mwanafunzi husoma Kiarabu asichokifahamu na hapana anayemlaumu, kwa sababu tilawa yenyewe ni ibada na ina thawabu zake. Lakini sijapata kusikia kwamba kuna thawabu katika kuisoma kwa tajwidi sura ya usagaji wa chakula tumboni.

Wataalamu wameyapambanua mambo haya zamani. Jim Cummins, mwaka 1979, alitenga lugha ya mazungumzo ya kila siku, ambayo mgeni huipata upesi, na lugha ya elimu, ambayo huchukua miaka mingi zaidi. Akafunza pia kwamba ustadi wa kusoma ulioimarika katika lugha ya kwanza huhamia katika ya pili, kwa hiyo anayeikatiza ile ya kwanza mapema hudhoofisha na hii aliyoikusudia. Unesco ilikwisha kushauri tangu 1953 kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mama kwa muda mrefu kadiri iwezekanavyo. Jirani zetu wa Tanzania, ambao tangu 1967 hufundisha shule za msingi za umma kwa Kiswahili na za sekondari kwa Kiingereza, waliletewa mwaka 1984 taarifa ya watafiti Criper na Dodd iliyoonyesha bayana kwamba wanafunzi walio wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Na ajabu ni kwamba watafiti hao hao, baada ya kuthibitisha hayo, walishauri Kiingereza kiendelee.

Lakini nadharia haitulazimishi kwenda mbali, maana Gisenyi ina mfano wake unaoonekana usiku ukiwaka mwekundu juu ya paa za nyumba. Tarehe 22 Mei 2021 mlima Nyiragongo ulilipuka. Maelfu ya watu wa Goma wakavuka mpaka usiku ule, na katika siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mfululizo hata kuta za nyumba na maduka ya Rubavu zikapasuka. Mtoto aliyekuwa na umri wa miaka minane wakati ule aliona lava kwa mbali, akasikia harufu ya moshi, akalala nje na jamaa zake kwa khofu ya kuangukiwa na dari, akawasikiliza wazee wakilinganisha na mlipuko wa 2002 na ule wa 1977. Ana maarifa ya volkano ambayo mwandishi wa kitabu cha jiografia aliyeketi London angeyatamani. Mwambie akueleze kwa Kinyarwanda au kwa Kiswahili cha Goma, atakueleza mpaka kahawa yako ipoe: kwa nini lava ya Nyiragongo hukimbia kuliko ya milima mingine, nyufa zilianzia wapi, kwa nini watu waliogopa gesi iliyomo ndani ya ziwa. Mtahini kwa Kiingereza, naye ataandika mistari miwili aliyoihifadhi kutoka ubaoni, na akisahau neno moja la katikati, mistari yote miwili hupotea. Atakayesahihisha karatasi ile atakata shauri kwamba mtoto wa Gisenyi hajui volkano.

Najua yatakayojibiwa, na mjibu mwenye nguvu ni mzazi. Mzazi wa Rubavu anakitaka Kiingereza, na tamaa yake si upumbavu: ameona kazi za hoteli za ufukweni, za benki na za mashirika zikienda kwa wenye nacho, naye humpeleka mwanawe katika shule ya kulipia tangu chekechea ili asichelewe. Simpingi katika tamaa hiyo. Nampinga katika hesabu ya mapema. Kuanza mapema kunafaa pale ambapo lugha imemzunguka mtoto, kama Kiswahili kilivyomzunguka huyu wa Majengo. Mahali ambapo lugha husikika kwa mwalimu mmoja tu, naye mwenyewe bado anajifunza, anayeanza miaka mitatu mapema huongeza miaka mitatu ya kuitikia. Na matunda yake huonekana hata chuo kikuu, kwa mwanafunzi mwenye akili timamu ambaye hukimbia vitabu vya maktaba na kushika notisi za mhadhiri, kwa kuwa notisi zaweza kukaririwa na kitabu hakikaririki.

Wala si kweli kwamba hapana njia ya kati. Baina ya 2013 na 2015 wataalamu wa Rwanda wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Bristol walitunga vitabu vya darasa la nne ambamo Kiingereza kilipunguzwa uzito, sentensi zikafupishwa, maneno magumu yakawekewa maana kwa Kinyarwanda, na wanafunzi wakapewa ruhusa ya kujadiliana kwa lugha yao kabla ya kuandika kwa Kiingereza. Na waliovitumia walifaulu zaidi ya wenzao waliobaki na vitabu vya kawaida. Jambo lililofanywa pale si kubwa. Kile ambacho mwalimu alikuwa akikifanya kwa kunong'ona kilichapishwa wazi, kikapewa hadhi ya kitabu.

Lililobaki ni mtihani, kwa maana shule hufundisha kile kitakachotahiniwa, na sera iliyo nzuri huishia katika mlango wa chumba cha mtihani. Mwanafunzi wa darasa la sita nchini Rwanda hufanya karatasi tano: Kinyarwanda, Kiingereza, hesabu, sayansi, na maarifa ya jamii pamoja na dini. Ukitoa ya kwanza, Kiingereza hutahiniwa mara nne, mara moja kwa jina lake na mara tatu kwa majina ya masomo mengine, na aliyeanguka kwa sababu moja huandikiwa sababu nne. Karatasi za hesabu, sayansi na maarifa ya jamii zikichapishwa kwa lugha mbili, Kiingereza upande mmoja na Kinyarwanda upande wa pili, na mtahiniwa akaachiwa kujibu kwa ile aipendayo, Kiingereza kitabaki na karatasi yake kamili ya kujipimia. Gharama ya wino na karatasi itaongezeka, sikatai; na wasahihishaji ni Wanyarwanda, hivyo hawatahitaji mkalimani.